Helikopta ya rimoti: Mzazi, usimwachie mtoto peke yake

Siku hizi si ajabu ami au shangazi anayefanya kazi Dubai au Doha kurejea likizoni na boksi kubwa lenye picha ya helikopta. Usiku huo mtoto hulala nalo kitandani, na asubuhi hutaka kuirusha mbele ya nyumba kabla hata chai haijamiminwa. Baba naye, ambaye hajawahi kushika kitu kama hicho maishani mwake, husimama kando akiamini kuwa ni kichezeo tu kama gari la betri. Juma hili ningependa tuzungumze na baba huyo, pamoja na mama, na yule mwanafunzi wa chuo anayedunduliza akiba ili ajinunulie yake.

Jambo la kwanza ni kujua uliyo nayo ni ya aina gani. Ipo ile ndogo ya ndani ya nyumba, yenye mapanga mawili juu yanayozunguka pande tofauti. Hiyo hutulia yenyewe hewani, na mtoto wa shule ya msingi aweza kuimudu sebuleni akisimamiwa. Ya pili ina panga kuu juu na kijipanga mkiani, na kupanda au kushuka kwake hutegemea kasi ya mota pekee. Ya tatu ndiyo helikopta kamili. Mapanga yake hubadilisha mwinamo yakiwa yanazunguka, kama ya helikopta unayoiona ikipita juu ya Lang'ata. Hii ya tatu ndiyo inayotuleta hapa leo.

Panga ni panga

Wahenga hawakukosea kuvipa vyuma vile jina la panga. Chukua helikopta ya kadiri, ambayo mapanga yake yakizunguka huchora duara lenye upana wa sentimita 70 hivi. Mapanga hayo huzunguka mara 2,500 au zaidi kwa dakika. Piga hesabu utaona kwamba ncha ya panga hukata hewa kwa kasi ya kilomita 330 hivi kwa saa. Gari moshi la abiria la SGR linalotupeleka Mombasa halizidi kilomita 120.

Mnamo Septemba 2013, katika bustani ya umma iitwayo Calvert Vaux huko Brooklyn, New York, kijana wa miaka 19 aliuawa na helikopta yake mwenyewe ilipomgonga kichwani. Helikopta hiyo ilikuwa kubwa kuliko hii ya mfano wetu, naye hakuwa mwanagenzi bali mrushaji mwenye uzoefu. Sikusimulii haya ili uitupe zawadi ya ami. Nakusimulia ili ujue kwamba maagizo yanayofuata hayakuandikwa kujaza ukurasa.

Kuitayarisha mezani

Kazi kubwa ya helikopta hufanyika mezani, si uwanjani. Kabla ya yote, chomoa nyaya za mota. Hivyo utaweza kuwasha redio na kujaribu viungo vyote bila hofu ya mapanga kuanza kuzunguka mbele ya uso wako.

Halafu pitia skrubu moja baada ya nyingine, hata kama helikopta imetoka kiwandani ikiwa imeunganishwa tayari. Helikopta hutetema, na mtetemo hulegeza. Kila skrubu ya chuma iliyoingia kwenye chuma itoe, itie tone la gundi ya kuzuia kulegea, kisha uirudishe. Usiitie gundi hiyo kwenye plastiki kwa kuwa huenda ikaipasua.

Sasa washa redio. Kanuni hapa ni moja tu: rimoti ndiyo ya kwanza kuwashwa na ya mwisho kuzimwa. Ukiwasha helikopta peke yake haina wa kuisikiliza. Wakati nyaya za mota bado zimechomolewa, zima rimoti makusudi uone kama sehemu inayopokea mawimbi imepangwa kuikatia mota nguvu mawasiliano yanapopotea. Kama haikupangwa hivyo, fuata kijitabu chake hadi ikubali.

Chini ya mapanga utaona kisahani ambacho mafundi hukiita swoshipleti. Vijimota vidogo viitwavyo sevo ndivyo vinavyokiinua, kukishusha na kukiinamisha, nacho hupeleka amri hiyo kwa mapanga. Weka kijiti cha kupandisha katikati, kisha hakikisha kisahani kimelala sawasawa na mapanga hayana mwinamo wowote. Sukuma kijiti cha kuelekeza mbele, na kisahani kiiname mbele. Sukuma kulia, kiiname kulia. Kikienda kinyume, usijiambie utazoea. Rekebisha kwenye rimoti sasa hivi.

Ili kusimama hewani, mapanga huhitaji mwinamo wa nyuzi 5 au 6 hivi, na kuna geji ndogo ya kuupima. Hapa pana jambo ambalo kijitabu cha kiwandani hakitakueleza. Nairobi imo kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Eldoret ni nyepesi zaidi. Helikopta iliyoruka vizuri Dubai itaonekana mvivu hapa. Haina ugonjwa, hewa ndiyo haba. Iongezee mwinamo kidogo au kasi kidogo bila kupita kikomo kilichoandikwa kwenye mapanga, na usilazimishe michezo ya kupinduka uliyoiona kwenye video.

Linalofuata ni mkia. Mapanga makubwa yanapozunguka upande mmoja, mwili wa helikopta hutaka kuzunguka upande wa pili, na kijipanga cha mkiani ndicho huuzuia. Kifaa kiitwacho jairo husaidia kwa kuhisi mzunguko na kuurudisha haraka kuliko kidole cha binadamu. Ijaribu hivi: geuza pua ya helikopta kushoto kwa mkono huku ukitazama sevo ya mkia. Inapaswa kwenda upande ule ule inaokwenda unapoagiza kwa rimoti pua igeuke kulia. Ikifanya kinyume, jairo itauongeza mzunguko badala ya kuuzuia, na helikopta itazunguka kama pia mara tu itakapoinuka. Helikopta nyingi mpya hufa siku ya kwanza kwa kosa hili la nusu dakika.

Mwisho, iinue kwa vidole viwili kwa kushika kichwa cha mapanga. Ikining'inia sawa, mizani iko vizuri. Ikiinamisha pua au mkia, sogeza betri.

Betri inataka heshima

Betri za lithiamu zinazotumiwa hapa si kama zile za redio ya jikoni. Kila seli hujaa kwenye volti 4.2, na ikishuka chini ya volti 3 huharibika. Betri ya seli tatu yenye uwezo wa miliampia-saa 2,200 ichajiwe kwa ampia 2.2, kwa chaja ya betri za aina hiyo inayosawazisha seli zote. Ichaji juu ya sakafu ya saruji au kigae, mbali na pazia, zulia na godoro, na mtu mzima awepo muda wote. Usiichaji usiku mkiwa mmelala. Stima ikipotea na kurudi, usidhani chaja itaendelea ilipoachia, nenda uitazame. Betri iliyovimba haitumiki tena, haitobolewi wala haiachiwi mtoto. Weka ndoo ya mchanga karibu, maana moto wa betri hizi huja ghafla.

Mahali na sheria

Hapa ndipo wengi wetu wa mijini tunapokosea. Uwanja mdogo kati ya nyumba za ghorofa, wenye kamba za nguo na watoto wanaoruka kamba, si mahali pa helikopta hii. Tafuta uwanja mpana usio na watu, na uombe ruhusa kwa mwenyewe, iwe ni shule, kanisa au shamba la mtu. Nenda kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kabla upepo haujaamka. Watazamaji wakae nyuma yako, hatua 30 au zaidi, na wewe usimame hatua 15 kutoka kwenye helikopta. Usiirushe kamwe juu ya kichwa cha mtu, hata awe amekubali.

Zaidi ya hayo, Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Usidhani udogo wa chombo chako unakuondoa mikononi mwa sheria. Kabla ya kununua, kuagiza au kurusha, waulize mamlaka hiyo unachohitaji na mahali unaporuhusiwa. Wakazi wa Nairobi West, South C na Lang'ata wakumbuke kuwa wako jirani na uwanja wa Wilson, ambako ndege ndogo hupita chini zikitua na kupaa. Humo ndani mna baba na mama za watu.

Kuku mgeni

Mwaka 1939, Igor Sikorsky alipoinua helikopta yake ya VS-300 kwa mara ya kwanza huko Marekani, aliifunga ardhini kwa nyaya isije ikamtoroka. Kumbe hata bingwa alijua kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nawe jifunge. Anza kwa programu ya mazoezi kwenye kompyuta, ambako kuanguka ni bure. Ukihamia uwanjani, ifungie helikopta miguu ya mazoezi, yaani vijiti viwili virefu vilivyopishana, vyenye mpira kwenye kila ncha, ili isipinduke kirahisi.

Simama nyuma yake, mkia ukikuelekea, kwa sababu hapo kulia kwake ni kulia kwako. Iinue kimo cha goti, ihesabie sekunde tano, itue. Rudia. Usiende juu hadi uweze kuituliza hapo kwa betri nzima. Baadaye jifunze kuitazama kwa ubavu, na mwisho kabisa pua ikikutazama, maana hapo kila amri ya kulia na kushoto hugeuka mbele ya macho yako. Weka saa ya rimoti ilie baada ya dakika tano, utue betri ingali na nguvu.

Rimoti nyingi zina swichi ya kukata mota. Iwe imekatwa kila unapoibeba helikopta na kila unapoikaribia. Mambo yakienda mrama hewani, ikate bila huruma na uiache ianguke. Helikopta hununuliwa, jicho halinunuliwi. Ikianguka, usiirushe tena siku hiyo kabla ya kukagua mhimili, gia na mapanga. Panga lililopasuka haligundishwi. Badilisha yote mawili.

Mzazi, utaona kwamba hakuna katika haya ambalo kijana wa sekondari hawezi kulifanya, na hakuna linalofaa kufanywa na mtoto akiwa peke yake. Keti naye mezani. Mwache yeye ashike bisibisi, wewe shika kijitabu na umsomee kwa sauti. Atajifunza fizikia ambayo mwalimu alimchorea ubaoni tu, na atajifunza kwamba mtu hupima kabla ya kurusha. Akinung'unika kuwa unamchelewesha, mwambie mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia likizo njema na anga tulivu.