Baba wa Pensioni na Kaye Yake



Mwezi huu tuseme juu ya wale waliomaliza kazi. Tangu Kipushi mpaka Kolwezi wako wengi. Mtu aliyetumika miaka 30 anaamka bado saa ile ile ya zamani, ananawa, kisha hana mahali pa kwenda. Anakaa mlangoni. Vijana wanapita na kusema: "Yule mzee hana kazi." Wewe unayesoma, pengine mzee yule ni wewe, ao ni baba yako.

Kazi moja iko ambayo inabaki, na hakuna kijana anayeweza kuifanya mahali pako. Ni kuandika yale uliyoyaona, na kuyatoa kitabu wewe mwenyewe.

Najua utajibu namna gani. "Mchungaji, mimi si mwandishi. Nilisoma kidogo tu, na Kifaransa changu ni cha kazini." Basi, sikia habari ya watu wa mji wetu. Mwaka 1965, wakati Lubumbashi ilikuwa ingali inaitwa Elisabethville, watumishi wa zamani wa nyumba za wazungu, wale walioitwa maboyi, walitoa kitabu. Mwandishi aliitwa André Yav. Jina la kitabu ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini ndani yake mna historia ya mji na ya watu waliotumika humo, kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Walikipiga kwa mashini ya kuandika, wakazidisha nakala, basi. Hawakungoja mchapaji mkubwa wa Ulaya awakubali.

Namna yao ya kuandika haikufuata kanuni za shule. Mahali pengine maneno yameshikamana, pengine yamekatwa katikati. Johannes Fabian, mwalimu aliyefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970, alipotaka kukifahamu vizuri alisaidiwa na mwenyeji, Kalundi Mango, aliyekisoma kwa sauti. Masikio yakafahamu yale ambayo macho yalishindwa. Mwaka 1990 kitabu kile kikachapwa Ulaya kwa Kiswahili na Kiingereza, na wasomi wanakitumia mpaka leo. Mabwana wa nyumba zile waliacha barua na ripoti nyingi. Lakini namna mji ulivyoonekana na mtu aliyeosha sahani zao, tunaijua kwa sababu watumishi wenyewe walishika karatasi.

Sasa tuangalie upande wetu. Union Minière ilianza mwaka 1906. Mwanzo wa mwaka 1967 serikali iliichukua, na nyuma yake tukapata Gécamines. Makaratasi ya kampuni yanahesabu tani za shaba. Hayasemi mama alifanya nini wakati posho ilikwisha mbele ya siku yake. Mwezi wa tisa 1990, shimo la Kamoto lilianguka, na hesabu ya shaba ikashuka, hiyo imeandikwa. Lakini wale waliotumika chini kule walisema nini nyumbani jioni ile? Mwaka 2003 kulikuwa na mpango wa "départs volontaires", na watu karibu 10,000 wa Gécamines wakaondoka kazini. Kila mmoja alikuwa na nyumba, na watoto shuleni. Nani ameandika habari ya nyumba zile? Kama wewe huandiki, mjukuu wako atajua tu: "Babu alitumika Gécamines." Ni maneno matatu kwa miaka 30.

Basi, uanze namna hii. Ununue kaye moja na kalamu. Uandike ukurasa mmoja kila siku, asubuhi, mbele ya wageni kuja. Uanze na mambo ambayo mikono yako inayajua: namna ulivyoshuka shimoni, ao namna ya kuangalia moto wa tanuru. Kila habari uipatie mwaka wake. Kama umesahau mwaka, useme: "Ilikuwa wakati mtoto wetu wa pili alizaliwa." Na majina ya wenzako waliokufa kazini uyaandike yote, na kijiji cha kila mmoja. Mama naye asiseme kwamba hii ni kazi ya wanaume. Habari ya kambi, ya soko na ya uzazi ni yeye anayeijua.

Kuna watu ambao pensioni yao imewaletea uchungu. Uandike na hilo, lakini kwa tarehe na hesabu, pasipo matusi. Matusi yanasahaulika upesi, lakini tarehe na hesabu ni ushuhuda. Jambo la siri la mtu aliye hai, umwulize kwanza. Na kama huna shahidi, usishitaki mtu kwa jina.

Kisha kuchapa. Vijana, hapa ndipo kazi yenu. Msomeeni mzee kaye yake kwa sauti, mpige maneno yake kwa ordinatere, wala msimsahihishe mpaka Kiswahili kisiwe chake tena. Hesabu yake si ngumu. Karatasi moja ya kawaida ikikunjwa mara moja inatoa kurasa 4. Karatasi 10 ni kurasa 40. Mkitaka vitabu 25, mnahitaji karatasi 250, ni nusu ya paketi ya 500. Mtoe kwanza kitabu kimoja, watu watatu wakisome na kuonyesha makosa, nyuma mfanye fotokopi. Mkunje, mshone katikati kwa sindano na uzi wa nguvu, mweke karatasi ngumu juu yake. Basi, ni kitabu.

Lakini mjihadhari. Mtu akija kusema: "Leta feza nyingi, nitakufanya mwandishi mkubwa," mwache aende zake. Usiuze lupango, wala usitoe feza ya masomo ya watoto juu ya kitabu. Kusema kweli, kitabu hiki hakitakulisha. Ukiuza kwa bei inayorudisha feza ya karatasi, imetosha.

Na vikiisha kushonwa, usivifunge vyote katika sanduku moja. Mchwa hauchagui, na mvua inapita katika bati. Kimoja kwa kila mtoto, hata yule aliye mbali. Kimoja kanisani, kimoja shuleni, kimoja upeleke kwenye maktaba ya chuo kikuu. Vitabu vikikaa mahali kumi, nyumba moja ikiungua habari yako inabaki.

Wewe kijana, usingoje mzee aombe. Leo jioni uchukue kiti kidogo, ukae karibu naye, umwulize: "Papa, siku yako ya kwanza kazini ilikuwa namna gani?" Kisha unyamaze, uandike. Wazee wa mwaka 1965 wengi wao hawako tena, na maswali ambayo hatukuwauliza hatuwezi kuwauliza sasa. Wako wetu wangali hai.

Ni mimi, mchungaji wenu.