Huo Upanga Mnaouita Orijino

Kuna imani imetuganda huku kwetu na haibanduki: kitu kikitoka ng'ambo ni orijino, kikitengenezwa hapa Kiminini ni feki. Kwa simu, sawa. Kwa chanjo ya ng'ombe, sawa pia. Lakini msimu wa tamasha za drama ukikaribia, imani hiyo huvamia hadi sanduku la maleba. Shule inataka kuigiza mchezo wa mabwana wa Ulaya ya enzi ya Renesansi, na mara mwalimu anazungusha simu, kila mtu aone picha ya upanga wenye mpini wa rangi ya dhahabu, kichwa cha simba na vito vyekundu vya plastiki. "Huu ndio wenyewe," anasema. Fundi aliye kando ya barabara ya Kitale kwenda Webuye, anayefua majembe na visu kutokana na spring kuukuu za lori, hata bei haulizwi.

Mimi nasema huo wa kwenye picha ndio feki.

Kwamba ni nakala, hilo muuzaji mwenyewe hafichi. Tazama chuma chake basi. Panga nyingi za mapambo hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, ndugu ya kile cha vijiko na sufuria. Chuma hicho Harry Brearley alikivumbua kule Sheffield, Uingereza, mwaka 1913. Leonardo da Vinci, msanii wa Renesansi, alifariki mwaka 1519. Piga hesabu mwenyewe. Hakuna bwana wa Florence wala wa Toledo aliyewahi kujifunga kiunoni chuma cha kijiko.

Kisha fungua mpini. Upanga wa vita wa zama zile ulikuwa na msuka mnene uliotokana na chuma kilekile cha bapa, ukapita ndani ya mpini wote na kukazwa kwenye kirungu cha mwisho. Huu wa ukutani, mara nyingi bapa lake hukomea pale mpini unapoanzia. Kilichomo ndani ni kijiti chembamba kilichochomelewa, kimeshikwa na nati. Upunge mara chache kwa nguvu, kiungo kinakatika na bapa linaruka peke yake. Hata kiungo kisipokatika, chuma cha namna hiyo kikiwa kirefu hakipendi kupinda na kurudi, huvunjika. Watetezi wake husema hauna makali, kwa hiyo hauna madhara. Waende wakawaeleze hivyo watoto walioketi safu ya kwanza ukumbini.

Sasa mrudie fundi mliyempita. Spring ya lori imeundwa kupinda na kurudi, mashimo ya barabara zetu ni shahidi. Chuma cha aina hiyo ndicho wanachotumia wafua panga wengi wa leo huko Ulaya na Marekani, wale wanaotengeneza panga za kugonganishwa kwelikweli. Fundi huyu anakipasha moto kwa makaa mpaka kinakuwa chekundu kama pilipili, anakishika kwa koleo, anakitandika nyundo juu ya kipande cha reli alichokigeuza fuawe, kisha anakizimisha ndani ya oili chafu ya injini. Mfua panga wa Toledo wa mwaka 1550, ukiondoa hiyo oili, angesimama hapo na kuielewa kila hatua bila mkalimani. Kiwanda kinachokata bamba kwa mashine na kulipaka dhahabu kingemshangaza.

Wala chuma si elimu ya kuazima hapa magharibi. Wasamia waliyeyusha mawe ya chuma kwenye milima yao, na majembe yao yalibadilishwa kwa mifugo na nafaka kwa majirani. Waturkana walivaa mkononi kisu cha duara kama bangili, ukingo wa nje ukiwa mkali, na juu ya makali hayo wakaweka ala ya ngozi ili mvaaji asijikate wala asimkate mwenzake. Mapambo hayo, silaha hiyo, na usalama umefikiriwa.

Panga za Renesansi zenyewe tulishazionja. Mwaka 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliiteka Kilwa, wakaipora na kuichoma Mombasa. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati. Anayeitundika sebuleni alama ya enzi ile na kuiita ustaarabu ana uhuru wake. Asimdharau tu mfua chuma wa kwao kwa jina la ustaarabu huo.

Mtaniambia jukwaa linataka kung'aa. Kweli kabisa, na hapo sina ubishi. Ila taa za ukumbi hazijui bei ya kitu. Seremala akichonga ubao mwepesi, akaupiga msasa na kuupaka rangi ya fedha, aliyeketi safu ya tano hataona tofauti, na waigizaji wakigongana hakuna atakayepelekwa hospitali. Tena michezo mingine haihitaji upanga wa kutisha. Katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, kinachousimamisha moyo mahakamani ni kisu cha mkopeshaji Shylock, naye anakinoa kwenye soli ya kiatu. Kisu cha jikoni kilichofanywa butu kinatosha.

Kwa hiyo, walimu wa drama wa Trans Nzoia na Bungoma, mkiona lazima upanga uwe wa chuma, kabla hamjaagiza, mfuateni fundi na mchoro wenye vipimo. Bapa la karibu mita moja, uzito kilo moja na kidogo, maana panga nyembamba za enzi ile hazikuwa magogo kama filamu zinavyodai. Mwambieni asiutie upanga makali na aiviringishe ncha. Akitaja bei, mlipeni, na msimpunguzie kwa sababu tu yuko Kiminini.