Faini ya gari lisilosajiliwa: nani abebe jukumu la kujua?

Kwa Mtanzania au Mkenya, kusajili gari ni shughuli ya mara moja. Ukishalitoa bandarini, ukalipa kodi, ukapewa namba na kadi, umemaliza. Namba hiyo italifuata gari mpaka liuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Australia mambo ni tofauti. Kule usajili una tarehe ya mwisho. Katika jimbo la New South Wales mwenye gari dogo hulipia miezi mitatu, sita au kumi na miwili, na siku ya mwisho ikipita bila malipo, gari lilelile lenye namba zilezile linageuka mbele ya sheria kuwa gari lisilosajiliwa. Likiingia barabarani asubuhi inayofuata, mwendeshaji ametenda kosa.

Ugumu ni kwamba kosa hilo halionekani kwa macho. Zamani kila gari lilibandikwa stika kiooni yenye mwezi na mwaka wa kwisha kwa usajili. Western Australia iliacha stika hizo kwa magari madogo mwaka 2010, New South Wales ikafuata Januari 2013, kisha Victoria na Queensland mwaka 2014. Hoja ya serikali ilikuwa nyepesi kueleweka: askari hana haja tena ya kuinama kusoma karatasi, kwa kuwa kamera inasoma namba ya gari na kuuliza kompyuta papo hapo. Kazi ya polisi ikarahisishwa. Mwenye gari, kwa upande wake, akaondolewa kumbukumbu aliyokuwa akiiona kila alipoketi nyuma ya usukani.

Ndipo linapokuja swali ninalotaka kulipima hapa. Dereva aliyepigwa faini kwa gari ambalo usajili wake umekwisha bila yeye kujua, je, asikilizwe akipinga, au aambiwe alipe na kunyamaza? Msimamo wangu ni kwamba jukumu la kwanza libaki kwa mwenye gari, lakini serikali iliyochagua kuihamishia taarifa kwenye kompyuta yake haiwezi kujivua jukumu lote la kuifikisha kwa raia.

Tuanze na wanaotaka ukali, maana hoja yao si ya kubezwa. Usajili nchini Australia hauishii kwenye ada ya barabara. Umefungwa pamoja na bima ya lazima ya kuwalipa watu wanaojeruhiwa ajalini. New South Wales, bila kununua bima hiyo huwezi kuhuisha usajili, na Victoria mchango wa bima umo ndani ya malipo ya usajili yenyewe. Kwa hiyo gari ambalo usajili wake umekwisha kwa kawaida ni gari lisilo na bima. Likimgonga mtu anayevuka barabara, fidia hubebwa na utaratibu wa kisheria uitwao Nominal Defendant, ambao fedha zake zinatokana na bima za wengine waliolipa kwa wakati, na ambao unaweza kumdai mwenye gari hilo kile ulichokilipa. Anayetembeza gari lisilolipiwa anawabebesha wenzake hatari yake, awe amekusudia au amesahau. Mwenye mguu uliovunjika hatapona haraka kwa kuambiwa kwamba dereva alikuwa mtu mwema mwenye mambo mengi kichwani.

Hoja hiyo inaeleza kwa nini sheria haimtaki mwendesha mashtaka athibitishe nia mbaya. Hata hivyo, mahakama za Australia hazijawahi kusema kwamba kila utetezi umefungwa. Mwaka 1941, katika kesi ya Proudman dhidi ya Dayman iliyotoka South Australia, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliangalia shauri la mtu aliyeshtakiwa kwa kumruhusu asiye na leseni kuendesha gari. Mshtakiwa hakushinda, lakini maelezo ya Jaji Owen Dixon yamekuwa msingi mpaka leo: mtu aliyeamini kwa dhati, na kwa sababu za maana, hali ambayo kama ingekuwa kweli kitendo chake kisingekuwa kosa, kwa kawaida ana udhuru. Mwaka 1985, katika kesi ya He Kaw Teh, mahakama hiyohiyo ilifafanua nani athibitishe nini. Mshtakiwa akishaonyesha ushahidi wa imani hiyo, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuivunja.

Mlango huo ni mwembamba kuliko wengi wanavyodhani, na hapo ndipo madereva wengi wanapojikwaa. Kuamini jambo na kutolifikiria kabisa ni hali mbili tofauti. Anayesema “nilisahau” hajasema kwamba aliamini usajili ulikuwa hai. Amesema hakuwaza lolote. Udhuru huo unaweza kumpunguzia adhabu, lakini haumwondolei kosa. Aidha, imani inayokubalika ni kuhusu hali ya mambo, si kuhusu sheria. Mwaka 2004, katika kesi ya Ostrowski dhidi ya Palmer, mvuvi wa Western Australia aliyekwenda mwenyewe ofisi ya uvuvi kuomba kanuni, akapewa makaratasi yasiyo na kanuni iliyomkataza kuvua eneo fulani, alitiwa hatiani. Mahakama Kuu ilisema kosa lake lilikuwa la kutojua sheria, na kutojua sheria si utetezi, hata kama aliyempoteza ni ofisi ya serikali.

Tukizipima hali za kawaida kwa kipimo hicho, tofauti inaonekana. Aliyeagiza benki ikate malipo kila mwaka, akawa na fedha za kutosha kwenye akaunti, kisha malipo yakakwama kwa hitilafu asiyoijua, ana jambo la kusema, hasa akiwa na barua ya benki mkononi. Aliyeazima gari la ndugu au rafiki ana zaidi, kwa sababu kosa ni la kulitumia gari barabarani, si la kulimiliki tu, na mwazimaji hapokei barua wala ujumbe wowote kuhusu tarehe za gari la mwingine. Aliyehama nyumba bila kubadilisha anwani yuko pabaya, kwa kuwa sheria ya New South Wales inampa siku 14 tu za kutoa taarifa ya anwani mpya. Na anayedai kwamba barua ya kumkumbusha haikufika, bila ushahidi mwingine, kwa kawaida hushindwa. Anayetaka kupinga faini na ajiulize kwanza yuko kundi gani. Uchungu wa kulipa hauhesabiki kuwa utetezi.

Tukiacha sheria yenyewe, kuna njia ya kuidai haki hiyo, na hapa ndipo lawama zinapoanza kuielekea serikali. New South Wales, aliyepigwa faini anaweza kuomba ipitiwe upya na Revenue NSW, ofisi ya mapato ya jimbo. Asiporidhika anaweza kuchagua kwenda mahakamani. Mahakama ina uwezo wa kumwona ana hatia na bado ikaacha kumtia hatiani, kwa kifungu cha 10 cha sheria ya jimbo hilo ya mwaka 1999 kuhusu utoaji wa adhabu. Hiyo ni huruma iliyoandikwa ndani ya sheria, na rekodi safi ya udereva husaidia kuipata. Lakini mahakama hiyohiyo inaweza kutoza hadi dola 2,200 kwa kuendesha gari lisilosajiliwa, wakati faini ya papo hapo imekuwa ikizidi dola 600. Ongeza siku ya kazi itakayopotea, gharama za mahakama na pengine wakili. Mtu anayeishi kwa ujira wa siku atapiga hesabu na kulipa, hata akiwa na haki. Mwenye nafasi na wakili ataipinga. Haki ya kupinga ipo kwa wote, ila anayeweza kuitumia ni yule ambaye faini haimuumizi sana.

Jambo lingine linalonikera ni faini kuja mbili. Kwa kuwa usajili na bima ni makosa tofauti katika sheria za New South Wales, kusahau kumoja kunaweza kuzaa adhabu mbili kwa siku moja, kila moja ikizidi dola 600. Kweli, tangu Julai 2020 wanaopokea ruzuku za serikali wakiwa katika dhiki wanaweza kuomba faini ipunguzwe kwa nusu, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kupunguza adhabu kwa maskini hakujibu swali kama adhabu mbili kwa uzembe mmoja ni haki kwa yeyote.

Je, kuondoa stika kulichangia watu kuchelewa kulipa? Uingereza ina takwimu za kutufikirisha. Nchi hiyo iliacha stika ya kodi ya barabara Oktoba 2014. Uchunguzi wa Wizara ya Uchukuzi, unaofanywa kwa kutazama magari barabarani, ulikadiria kwamba magari yasiyolipiwa yalikuwa asilimia 0.6 mwaka 2013, yakafika asilimia 1.4 mwaka 2015 na asilimia 1.8 mwaka 2017. Stika si sababu pekee. Siku ileile sheria ilibadilika ili kodi aliyolipa muuzaji isihamie kwa mnunuzi, na wanunuzi wengi wa magari yaliyotumika walinaswa hapo. Hata hivyo ni vigumu kuamini kwamba Waingereza waligeuka wakwepaji ndani ya miaka minne. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba raia wa kawaida alipoondolewa ukumbusho na kuongezewa masharti kwa wakati mmoja, aliteleza.

Watetezi wa mfumo wa New South Wales watajibu kwamba ukumbusho upo: kuna programu ya simu ya Service NSW, kuna barua pepe, na mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari kwenye tovuti na kuona tarehe bila malipo. Ni kweli, na kijana mwenye simu hana sababu kubwa ya kulalamika. Lakini serikali hiyohiyo imekwisha kukiri kwamba taarifa ya mtandaoni peke yake haitoshi. Halmashauri za jimbo hilo zilipoanza kutoza faini za maegesho bila kuacha karatasi kwenye gari, malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 2024 Bunge la New South Wales lilipitisha sheria ya kurejesha taarifa ya papo hapo kiooni. Kama aliyeegesha vibaya anastahili kujulishwa mapema ili ajirekebishe na atetee haki yake akiwa bado na ushahidi, sioni kwa nini anayekabiliwa na faini kubwa zaidi asistahili hivyo.

Kwa hiyo marekebisho ninayoyaona ya haki si makubwa. Mwenye rekodi safi ambaye usajili wake umepita kwa siku chache apewe onyo la kwanza pamoja na siku za kulipa, na faini imngoje atakayepuuza. Usajili na bima vikikwama kwa sababu moja, adhabu ihesabiwe moja. Na ofisi inayokataa ombi la kupitia faini ieleze kwa maandishi imeutazamaje ushahidi wa mlalamikaji, ili anayefikiria kwenda mahakamani ajue anakwenda kupigania nini. Anayetembeza gari mwaka mzima bila kulipa hatanufaika na lolote kati ya hayo.

Afrika Mashariki hatuko mbali na mjadala huu. Tanzania iliukwepa upande mmoja katika bajeti ya 2017/18, pale Waziri wa Fedha Philip Mpango alipofuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake kuongeza ushuru wa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Asiye na gari lakini anawasha kibatari naye akaingizwa katika mchango huo, na hilo lilistahili kuhojiwa. Lakini kwa dereva, tarehe moja ya kukumbuka ilitoweka, na pamoja nayo sababu moja ya kusimamishwa barabarani. Hakuna awezaye kusahau kulipa ada iliyomo ndani ya mafuta.

Upande wa bima bado tuko njia moja na Australia. Trafiki wa leo anaingiza namba ya gari kwenye simu na mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania, unamwonyesha kama bima iko hai. Faini ya kosa la barabarani ni shilingi 30,000, na sheria inampa asiyekiri kosa nafasi ya kupelekwa mahakamani. Ni wangapi huitumia, ikiwa siku moja ya kesi inagharimu zaidi ya faini yenyewe? Mamlaka zinazotuhamishia kila kitu kwenye mifumo zifanye hivyo huku zikibeba na wajibu wa kutukumbusha, kwa ujumbe wa simu unaofika kabla ya tarehe. Nawe mwenye gari, usingoje ujumbe huo. Angalia leo bima yako inakwisha lini, na hifadhi kila risiti ya malipo, kwa sababu siku ya kupinga faini ni ushahidi ndio utakaokusemea.