Mlevi, ao mgonjwa wa vumbi?



Mtu wa kazi anaanza kujikwaa mahali pa usawa. Anacheka bila neno la kuchekesha, anagombana bure, anamaliza falanga za mwezi kwa siku moja. Kapita anasema: amelewa. Jirani anasema: amelogwa. Sisi tunasema: kwanza muulizeni anafanya kazi katika vumbi gani.

Chini ndani ya ubongo kuna vikundi vya seli vinavyopima kila tendo kabla halijafanyika. Ni kama walinzi wa kizuizi penye reli: huyu anafungua, yule anafunga. Seli hizo zinasaidia mguu uende ao usimame; zinasaidia pia kuchagua, nifanye hili ao niache? Ndiyo sababu zikiharibika, mwendo na akili ya kuamua vinaweza kuharibika pamoja.

Vumbi la manganese, madini yaliyochimbwa miaka mingi kule Kisenge, linaingia kwa pumzi na kujikusanya mahali hapo hapo. Mwaka 1837, munganga James Couper wa Glasgow aliandika habari za wafanyakazi waliosaga madini hayo wakashindwa kutembea vizuri. Mwaka 1955 habari kama hizo zilitoka Moroko. Wengi wa wagonjwa walikuwa watoboaji wa mwamba. Nanyi mnaounganisha vyuma kwa moto, msijione mko mbali: moshi wenu una manganese pia.

Mlevi akilala anaamka mzima. Huyu anaamka vile vile. Sauti inafifia, uso haucheki wala haununi, anatembea kwa ncha za vidole kama jogoo; akirudi nyuma, anaanguka. Mama, mara nyingi wewe ndiwe utakayeona mbele ya kapita.

Kumkata mshahara kabla munganga hajamtazama ni makosa, tunasema wazi. Akiondolewa mapema katika vumbi, kuna tumaini. Akichelewa, ugonjwa unaweza kuendelea hata akiwa ameacha kazi hiyo.

Toboeni mwamba kwa maji. Ombeni maski ya kweli yenye kichujio. Kitambaa cha puani kinafaa kwa kufuta jasho. Nguo za kazi zibaki kazini. Na mkimpeleka mwenzenu hospitali, msiseme tu “anatetemeka”: mwambieni munganga ni kazi gani anafanya, na tangu mwaka gani.