Muuzaji ana jina, aliyeuzwa je?

Ujiji haihitaji kufundishwa maana ya biashara ya miili ya watu. Ndipo ilipoishia njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na ndipo mateka waliovushwa ziwa kutoka Manyema katika karne ya 19 walipokusanywa kabla ya kuswagwa kuelekea pwani. Kwa sababu hiyo mwananchi wa Kigoma anayo haki, pengine kuliko mtazamaji wa San Francisco, ya kuuliza swali moja juu ya kila sinema inayosimulia maisha ya watu waliotajirika kwa kuuza miili ya wenzao: aliyeuzwa yuko wapi?

Sinema inayozungumzwa hapa inaitwa Rated X, na ilitoka Marekani mwaka 2000. Inasimulia maisha ya Jim na Artie Mitchell, mtu na mdogo wake, ambao mwaka 1969 walifungua jumba la O'Farrell mjini San Francisco na kulifanya soko la uchi. Mwaka 1972 walitoa sinema ya ngono iliyoitwa Behind the Green Door, ambayo kwa gharama ndogo iliwaletea mamilioni ya dola. Fedha zikazaa ulevi na kokeni, ulevi ukazaa ugomvi, na usiku wa tarehe 27 Februari 1991 Jim akampiga Artie risasi, akafa. Mahakama ilimwona na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 6. Alitoka mwaka 1997 na kufariki mwaka 2007.

Maoni ya watazamaji juu ya sinema hiyo yamegawanyika, lakini yamegawanyika pasipostahili. Wapo wanaosifu kwamba Jim na Artie wameigizwa na ndugu halisi, Emilio Estevez, aliyeiongoza sinema yenyewe, na Charlie Sheen, wote wana wa mwigizaji Martin Sheen. Wapo wanaoipima kwa kuilinganisha na Boogie Nights ya mwaka 1997, wakaiona imepungua. Wapo pia wanaowaona ndugu wale kuwa mashujaa wa uhuru wa kusema, kwa kuwa walikamatwa na kushitakiwa mara nyingi wasikubali kufunga duka. Na ng'ambo ya pili wamesimama wenye hasira, ambao hawataki hata kusikia jina la sinema hiyo, kwa hoja kwamba uchafu ni uchafu tu.

Pande zote hizo zinabishana juu ya muuzaji. Mmoja anamsifu, mwingine anamlaani, na hakuna anayegeuza shingo kuitazama bidhaa.

Mwanamke aliyeibeba Behind the Green Door alikuwa Marilyn Chambers. Kabla ya hapo sura yake ilikuwa juu ya boksi la sabuni ya Ivory Snow, amempakata mtoto mchanga kama mama mwema wa nyumbani. Sinema ya ngono ilipovuma, boksi lile likawa kichekesho cha taifa zima na tangazo la bure kwa akina Mitchell. Ubepari uliuza sura yake mara mbili, kwanza kama usafi na kisha kama uchafu. Katika Rated X yumo, lakini yumo kama kituo kimoja katika safari ya ndugu wawili. Simulizi si yake.

Hapana budi haki itendeke katika hoja. Marilyn Chambers hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu mzima, alisaini mkataba, na alidai sehemu ya mapato. Mwenye kumlinganisha na mateka aliyefungwa mnyororo shingoni atakuwa amemtukana mateka. Tofauti ya hali zao ni kubwa kama ziwa. Kinachofanana ni daftari: katika biashara zote mbili jina la mwenye mali limeandikwa kwa wino, na jina la aliyekuwa mali limeachwa lifutike.

Daftari hilo Ujiji inalifahamu. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili. Humo pembe za ndovu zinahesabiwa kwa frasila, lakini waliotekwa wanapita kama umati. Rumaliza, aliyekuwa na nguvu kubwa Ujiji katika miaka ya 1880, anatajwa katika kila historia ya ziwa. Bwanikwa je, ni wangapi wanaomfahamu? Alikuwa mwanamke wa Kiluba kutoka upande wa Katanga, aliyesimulia jinsi alivyouzwa mara 10. Habari zake ziliandikwa na mmisionari, na mwanahistoria Marcia Wright akazitoa tena kitabuni mwaka 1993. Mitaani hazijafika, wala hakuna sinema iliyomtafuta.

Sinema zimemtafuta nani? Mwaka 1939 Marekani ilitengeneza sinema ya Stanley na Livingstone waliokutana Ujiji mwaka 1871, na mwaka 1990 ikatoka Mountains of the Moon, ya Burton na Speke waliofika Ujiji mwaka 1858. Sidi Mubarak Bombay aliwafuata Burton na Speke hadi ziwani, akarudi tena na Stanley. Mtu huyu alikuwa Myao aliyetekwa na kuuzwa utotoni, akapelekwa India, akarudi akiwa huru na kuijua njia ya bara kuliko waliomwajiri. Kama kuna maisha yanayostahili sinema, ni hayo. Hata hivyo katika hiyo ya 1990 ameingizwa kama mfuasi wa wakubwa.

Hapo ndipo udhaifu wa wenye mkasi unapodhihirika. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976, iliweka bodi za kukagua picha, na kazi hiyo ina maana yake, hasa kwa ajili ya watoto. Lakini mkasi unaohesabu dakika za uchi peke yake haukamati kasumba. Sinema isiyo na paja moja lililo wazi yaweza kumfundisha kijana kwamba aliyetajirika ndiye mwenye maisha, na aliyetajirikiwa kwa mgongo wake ni mapambo. Kasumba ya namna hiyo hupita mbele ya mkaguzi huku imevaa suti na tai.

Tena zama zimebadilika. Zamani picha ilifika Kigoma kwa reli, ndani ya mikebe, na afisa aliweza kuizuia stesheni. Leo inafika ndani ya simu ya mwanafunzi, haina stesheni wala mkebe. Na simu hiyo haipokei tu, inatoa pia. Msichana anayeshawishiwa kujipiga picha za uchi kwa ahadi ya mapenzi au ya fedha ndogo amekwisha ingia katika biashara ya akina Mitchell bila mkataba na bila sehemu ya mapato. Picha ikisambaa, mji mzima utamjua yeye na kumcheka, na aliyeisambaza atabaki bila jina. Hapo daftari limegeuzwa, lakini anayelipa ni yule yule.

Kwa hiyo kazi ya mwalimu na ya afisa utamaduni haiishi kwenye kukataza. Kijana akiuliza habari za sinema kama hiyo, asifukuzwe kwa kemeo wala asiachiwe asifu werevu wa matajiri. Aulizwe naye: nani alilipwa, nani alilipa, na nani hakusimuliwa? Kijana aliyezoea kuuliza hayo hatahitaji mkaguzi wa kumfuata nyuma, na hatakuwa mwepesi wa kusambaza picha ya binti wa jirani.

Miembe ya Ujiji ingali imesimama kando ya njia waliyopitishwa watu wasioandikwa majina. Mji wenye kumbukumbu kama hiyo usikubali kuwa mtazamaji wa kawaida.