Keroka: Kaunti mbili zavutania ushuru, vinamasi havina mtetezi

Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na kwa miaka kaunti hizo zimevutana kuhusu nani akusanye ushuru wa soko. Kuhusu nani atunze mabonde yaliyo chini ya mji, hakuna anayegombana.

Mabonde hayo ni ardhioevu, ila si kama Delta ya Tana tunayoijua sisi wa Pwani. Ni mashamba ya watu wenye hatimiliki, membamba, yanayoanzia mgongoni mwa kilima hadi kijitoni. Juu nyumba na chai, katikati migomba, chini nduma, majani ya ng'ombe, matanuri ya matofali na mikaratusi kila mahali. Sensa ya 2019 ilikuta Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kilomita moja ya mraba. Hapo hakuna kipande cha kuachiwa ndege.

Mkaratusi hunywa maji, hilo kila mkulima analijua. Lakini pia hulipa karo, kwa sababu viwanda vya chai hukausha majani kwa kuni. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Mwaka huohuo zikatoka kanuni zinazotaka ukingo wa mto ulindwe kwa mita 6 hadi 30. Sasa mpimie mwenye nusu ekari hizo mita 30 uone anabaki na nini! Hakuna aliyezungumzia fidia, na mikaratusi ingali imesimama.

Madhara huteremka na maji. Mto Gucha, unaoanzia nyanda za juu za Nyamira, huishia Ziwa Victoria, na mafuriko yake huwahamisha watu wa Nyatike kule Migori. Kinamasi kikikaushwa huku juu, maji ya mvua hukimbilia huko kwa mkupuo.

Marufuku pekee hayatafaa. Aanze mnunuzi wa kuni: kiwanda kikikataa magogo ya bondeni na kulipa vizuri zaidi ya mlimani, mkulima atahamisha miti mwenyewe. Kaunti nazo zimepewa na Katiba kazi ya kutekeleza sera za kuhifadhi udongo na maji. Zinaweza kugawa miche ya mianzi na kuchimba mabwawa ya samaki bila kusubiri mzozo wa mpaka uishe, maana kijito hakiulizi kiko kaunti gani.