Rangi za Mwaloni Rubafu: Niwajibu Wanaobisha

Nikitaja wazo la wananchi kuchora kuta za masoko yetu, Rubafu au Bukoba mjini, nakatizwa kabla sijamaliza. Majibu nimeyazoea.

"Watu wa huku hawajui sanaa, leteni wasanii wa Dar." Anayesema hivyo hajashuka mwaloni. Mtumbwi mpya ukishazibwa nyufa kwa pamba, mwenyewe hutafuta wa kumwandikia jina, na hapo ubishi huanza: mstari uwe wa rangi gani, msemo upi utamchoma jirani. Nimeona wavuvi wakibishania herufi moja hadi chai ikapoa. Na nyumba ya msonge ya Kihaya? Fundi alisuka kichwa cha juu, majirani walileta matete na nyasi, na kila apitaye alikuwa na la kukosoa. Wasanii wa Dar waje, sikatai. Watusaidie kuchagua rangi itakayovumilia mvua ya Bukoba.

"Ukiuliza kila mtu hutamaliza." Hapa pana ukweli. Mikutano huchosha, hasa mzee mmoja akishashika kipaza sauti. Lakini nenda Katuruka, kata ya Maruku, mahali paitwapo Kaiija, maana yake pa kufulia chuma. Simulizi husema Mkama, yaani mfalme, Rugomora Mahe aliamuru ujengwe mnara wa chuma ufike mbinguni. Mwaka 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifuata maneno ya wazee, akachimba, akakuta mabaki ya uhunzi ya kale kuliko Mkama mwenyewe, ya miaka zaidi ya 2,000. Asingeuliza, angechimba wapi? Kisha miongo ikapita, eneo likachakaa. Waliolifufua miaka ya 2000 ikielekea ukingoni ni wanakijiji: waliunda kamati yao, wakamwomba Schmidt awasaidie, wakajenga upya nyumba ya Mkama na kuanzisha makumbusho. Safari hii mtaalamu ndiye aliyeitwa. Mikutano ilikuwepo, bila shaka mirefu, na kazi ikasimama.

"Sanamu ya Askari pale Dar haikumuuliza mtu, mbona ipo?" Ipo, tangu 1927. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Wissmann, Mjerumani; Waingereza walipoingia mwaka 1916 wakaing'oa. Ya mtawala hushushwa na mtawala. Na Askari wetu leo kazi yake kubwa ni kuelekezana: "Nisubiri pale Askari."

"Maji na barabara kwanza." Kana kwamba ndoo ya rangi ndiyo iliyomeza bomba la kijiji! Vijana wa Dandora, Nairobi, katika mashindano ya Changing Faces, hawakutenganisha mambo hayo. Walizoa taka na kusafisha nyua, wakapanda miti, wakapaka kuta. Uwanja uliokuwa jalala watoto wakaupata wa kuchezea.

"Wahuni watachafua." Basi waiteni hao wahuni siku ya kupaka.

Hoja inayobaki husemwa kwa sauti ya chini: rangi ikibanduka, nani atalipa? Ukuta uliopakwa na mradi hungoja mradi mwingine, hilo nimeliona mara nyingi. Mtumbwi haungoji. Jina likianza kufifia, utamkuta mwenyewe juu ya mchanga, kopo la rangi kati ya magoti, brashi imebaki nywele chache, na watu watatu wamemsimamia wakimwambia amekosea.